Nani Anasikiliza Nyimbo Zetu Igunga?

Jumapili, katikati ya Oktoba. Joto la kabla ya mvua.

Mawingu yalikuja tangu saa nne asubuhi, yakakaa juu ya Tabora mpaka tukaanza kuanua nguo, kisha yakajiondokea. Vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Nimefunga madirisha, nimeyafungua, nimeyafunga tena. Moyo wangu leo haukai mahali pamoja.

Wiki sita sijaandika hapa. Mlioniandikia kuuliza kama naumwa, asanteni. Siumwi.

Nilikuwa napeleleza.

Nianze na muziki, maana huko ndiko kulikoanzia. Mume wangu, Baba Munira, ni mfanyabiashara wa mchele. Kila Jumatano alfajiri anapanda basi la Igunga, anashinda kwenye mashine mpunga wake ukikobolewa, analala huko, Alhamisi jioni anarudi. Amefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini. Kitu anachokipenda kuliko mchele mzuri, na sitasema kwamba ni mimi, ni muziki wake. Sebule yetu imo katika nyumba ya kuta nene za udongo aliyoijenga babu wa babu yake, aliyefika na misafara kutoka pwani, akaona hapa panamtosha. Humo kuna amplifaya kubwa ya Kijapani na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Mgeni akija kwetu huonyeshwa spika kwanza, ndipo anapewa maji.

Alikuwa na CD mpaka hatuna pa kuziweka. Taarabu za zamani za fidla na kanuni, kile kinanda cha nyuzi za kudonoa, dansi, nyimbo za Kiarabu alizoletewa na binamu zake wa Maskati. Vumbi la Tabora lilipozikwaruza zikaanza kurukaruka, na mimi ndiye niliyezihamisha zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, kila jioni nikishafunga cherehani yangu kule mtaa wa Ng'ambo. Ilinichukua miezi mitano. Alinisimamia kama msimamizi wa mtihani. Faili ziwe kubwa, alisema, zisiminywe hata kidogo, maana muziki ukiminywa unakuwa kama chungwa lililokwisha kukamuliwa. Sasa zote zimo ndani ya kidude cheusi kinachoenea kiganjani, kimechomekwa kwenye amplifaya. CD zenyewe zimelala stoo kwenye makatoni.

Mwezi wa nane binti yetu Munira alikuja likizo kutoka Dodoma. Akatuwekea ile app ya kusikilizia muziki mtandaoni, ya kulipia kila mwezi. Alifungua akaunti moja, akaiweka kwenye simu mbili, yangu na ya baba yake. Akasema, "Baba, hata zile CD zako zote zimo humu. Sasa unaweza kwenda nazo mpaka Igunga."

Baba Munira akaunganisha simu kwenye amplifaya. Akachagua taarabu moja anayoijua tangu ujana wake, yenye fidla ndefu mwanzoni kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Akasikiliza huku amekunja uso.

"Wamezitoa fidla," akasema.

Munira akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilizisikia fidla zile waziwazi, zinalia juu kabisa. Nikamwambia. Akanitazama, akasema, "Wewe sikio lako limezoea cherehani."

Yakaishia hapo. Munira akarudi kazini kwake, baba yake akarudi kwenye kidude chake cheusi, app nikabaki nayo mimi.

Nikiri kitu. Mimi pia sikuiamini. Si kwa sababu ya fidla. Nilicheza wimbo mmoja tu siku ya kwanza, kesho yake ikaniletea wimbo ambao marehemu mama alikuwa akiuimba akichambua mchele. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari za wimbo ule. Nilizima simu nikaifunika kwa kitambaa. Kitu kinachojua ninachokipenda kabla sijakitaja, kinajua na nini kingine? Kidude cheusi cha mume wangu hakinijui. Ukikiambia cheza, kinacheza. Ukikiacha, kinanyamaza. Hakikumbuki.

App inakumbuka. Na hapo ndipo niliponaswa.

Jumatano moja ya mwezi wa tisa nilikuwa kwenye cherehani, napindia mashela ya harusi. Nikafungua app ili nipate cha kuniliwaza. Pale mwanzo inakuonyesha ulichosikiliza karibuni, na mimi sikuwa nimesikiliza chochote tangu Jumapili. Lakini palikuwa na nyimbo tisa. Zote za mapenzi. Zote za zamani, zile za kumsihi mtu arudi, za kumwambia usiku haupiti. Na ile yenye fidla ndefu ilikuwa imerudiwa, imerudiwa, imerudiwa.

Nikawaza, labda ni makosa. Nikabonyeza wimbo wangu. Ukacheza kidogo, ukakatika. Yakaja maandishi kwamba muziki unachezwa kwenye simu nyingine.

Nikabonyeza tena. Ukacheza. Ukakatika.

Nikabonyeza kwa mara ya tatu, safari hii kwa hasira, na safari hii pia kuna mtu aliyeninyang'anya. Mimi nilikuwa Ng'ambo, Tabora. Mwenye simu ya pili alikuwa Igunga. Mwanamume anayesema app ile ni takataka, siku asiyokuwa nyumbani, anasikiliza nyimbo za mapenzi na hataki kuziachia.

Sikumpigia simu. Mngepiga nyinyi? Mimi niliweka mkasi chini nikakaa.

Mama Kulwa, tunayechangia naye chumba cha ushonaji, aliniona. Ni Mnyamwezi wa hapahapa, hajui kunong'ona. Nikamweleza. Akavua miwani yake.

"Shoga, mwanamume mwenye wajukuu haanzi kusikiliza mapenzi peke yake," akasema. "Hapo kuna mtu wa pili ameshika upande mwingine wa waya."

Alikuwa anamaanisha waya za masikioni, zile za kusikilizia simu. Nikarudi nyumbani nimebeba maneno hayo.

Mtu akishaanza kutafuta, anapata. Alhamisi alipolala kupumzika nilipekua mfuko wa koti lake, nikakuta waya za masikioni, mpya. Tangu lini? Simu yake ikiita, hapokei mbele yangu tena, anatoka nayo uani, anasimama pembeni kabisa penye ukimya. Nikizungumza naye anatazama mdomo wangu, si macho yangu, na nusu ya maneno yangu anayajibu "eeh" tupu, kama mtu ambaye roho yake iko safarini. Siku moja tunakula nilimwambia mke wa kaka yangu amelazwa, hali yake si nzuri.

"Alhamdulillahi," akasema, akachota wali.

Niliacha kula. Nilisema moyoni mwangu, huyu hayuko nami tena. Nimekaa na mgeni.

Ijumaa iliyofuata, akitoka msikitini, aliwasha amplifaya. Akaweka ile ile yenye fidla, kutoka kwenye kidude cheusi. Akaongeza sauti. Akaongeza tena, mpaka vikombe kwenye kabati vikaanza kugongana. Kisha akazima na kunigeukia.

"Mama Munira, niambie kweli. Hizi faili uliziminya?"

"Mimi?"

"Ulitaka kumaliza upesi. Ukaziminya. Hakuna fidla humu. Umenitupia muziki wangu."

Miezi mitano ya jioni zangu. Nikaingia jikoni. Nilichofikiri ni kwamba anatafuta ugomvi, maana nimesikia kwamba mwanamume mwenye jambo huanza hivyo, hukutafutia kosa ili naye apate pa kusimama. Akaenda stoo, akavuta katoni, akatafuta mpaka akaipata CD yenyewe, akaifuta kwa kanzu yake, akaiweka kwenye mashine yake ya CD. Akasimama mbele ya spika, karibu sana, kama anataka kuinong'oneza.

Fidla zilianza. Nilizisikia nikiwa jikoni.

Akaizima kabla mwimbaji hajaanza. Akapita mbele yangu, akatoka nje. Aliporudi magharibi hakuligusa tena jambo lile. Hakuniomba radhi, hakunilaumu. Nikasema, basi, amejua hana ushahidi.

Kumbe nilikuwa natazama kitu kingine kabisa.

Jumatano hii iliyopita niliamua. Alipoondoka na basi la alfajiri, nikamwachia Mama Kulwa mashela, nikapanda la saa mbili. Mama Kulwa alinisindikiza mpaka stendi akiniusia nisianze kupiga kwanza, nianze kuuliza. Njia nzima hadi Nzega nilikuwa napanga maneno. Baada ya Nzega nikaanza kupanga nguo: nitachukua zipi, nitaacha zipi, nitakaa kwa nani. Nilimwona huyo mwanamke. Nilimpa umri, nilimpa rangi, nilimpa hata sauti. Tulipoingia Igunga nilikuwa nimekwisha kumchukia kama mtu ninayemfahamu miaka kumi.

Kwenye mashine za mpunga kuna kelele ambayo siwezi kuieleza. Haiingii masikioni tu, inaingia kwenye meno. Nilikuwa sijawahi kufika pale, naona aibu kusema, miaka yote hii. Nilimpigia kelele kijana wa mizani nikiuliza alipo mume wangu, naye akanipigia kelele akinionyesha kwa kidole nyuma ya ghala, kwenye kivuli, ambako magunia ya mpunga kutoka kijiji cha Choma yalikuwa yamepangwa yakingoja zamu.

Alikuwa peke yake.

Amekaa juu ya gunia, amenipa mgongo. Simu mapajani, waya masikioni, daftari la shule limefunguliwa juu ya goti. Nikasimama hatua tatu nyuma yake. Nikaita, "Baba Munira." Hakugeuka. Nikaita tena, kwa nguvu. Wapakiaji wawili waligeuka, na yule mama muuza uji upande wa pili wa ua akageuka. Yeye hapana.

Akachomoa waya wa kushoto. Akasikiliza. Akaurudisha, akachomoa wa kulia. Akatikisa kichwa, akaandika.

Nikasogea nikasoma juu ya bega lake. Alikuwa ameandika majina ya nyimbo, na mbele ya kila wimbo, kwa mwandiko wake ule ule wa risiti: ngoma ipo. Besi ipo. Mwimbaji mwanamume yupo. Mwimbaji mwanamke, nusu. Kanuni, kidogo, kulia tu. Fidla, hakuna. Wimbo wa pili, fidla hakuna. Wa tatu, hakuna. Ukurasa mzima. Na ukurasa ulioutangulia ulikuwa na tarehe ya mwezi uliopita, na mle kanuni ilikuwa imeandikwa "ipo".

Maneno yote niliyoyapanga tangu Tabora yaliniishia. Nikaweka mkono begani kwake. Alishtuka mpaka simu ikaanguka kwenye pumba.

Tulitazamana. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Nilijua utagundua. Wewe unanijua."

Mimi nikainama kuokota simu.

Tukakaa pamoja kwenye yale magunia. Alinieleza akitazama mdomo wangu, kila mara akingoja aone kama nitasema kitu. Mwanzoni alifikiri kweli app imekata sauti za juu. Akaanza kuja nayo Igunga ili aikamate, asikilize kila wimbo anaoujua kwa moyo, aandike kilichopotea, amwonyeshe Munira kwamba vijana wanalipia muziki mbovu. Alichagua zile za mapenzi kwa sababu ndizo anazojua kila chombo kinaingia wapi. Halafu akaja nyumbani, akaweka kidude, fidla hazikuwepo hata humo.

"Nilitaka liwe kosa la ile app," akasema. "Lilipokuwa si la app, nilitaka liwe kosa lako. Siku ile nilipoweka CD yenyewe ndipo nilipoishiwa na watu wa kulaumu."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Ilibidi nirudie mara mbili. Na mara ya pili, Mungu anisamehe, nilipaza sauti.

"Unaona?" akasema. "Ndiyo hiyo. Umeanza."

Akaniambia habari za mama yake. Mama mkwe wangu alipoteza masikio uzeeni, na sisi wote tukawa tunampigia kelele, hata tukimwambia mambo mazuri tulikuwa tunapiga kelele. Baadaye tukachoka, tukawa tunamwambia "si kitu, mama" kila alipouliza tumecheka nini. Miaka yake ya mwisho alikaa katikati yetu akitabasamu bila kujua kinachosemwa. Baba Munira alisema alikuwa akimtazama, na alijua kwamba mama anajua.

"Sitaki kuambiwa si kitu," akasema.

Nyuma yetu mashine ilikuwa inanguruma. Nikaitazama, nikamtazama yeye, nikahesabu Jumatano za miaka ishirini. Hakuna aliyetuambia kwamba kelele kama ile hula masikio. Au tuliambiwa, hatukusikia.

Tulilala Igunga, tukarudi Alhamisi. Kwenye basi nilikaa kulia kwake, kwenye sikio lililobaki na nguvu. Nilimweleza habari za mke wa kaka yangu upya. Alishika kichwa. "Nilisema nini siku ile?" akauliza. Nikamwambia. Akainamisha uso, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipoanza kucheka mwenyewe.

Kesho tunakwenda hospitali kubwa, akapimwe masikio. Muuguzi mmoja kule Igunga alishamwambia aende, tangu mwezi wa tisa, akawa anaahirisha. Munira naye nimemwambia. Amelia kwenye simu, kisha akaanza kunitumia picha za vifaa vya kuvaa sikioni, akiuliza baba atapenda rangi gani.

Jana jioni tulikaa sebuleni. Tulijaribu kwa haki, bila ugomvi: kwanza app, kisha kidude. Anasema kwa waya za masikioni app inamsaidia kusikia maneno ya mwimbaji, hilo amelikubali kwa shingo upande. Lakini spika zake hataziacha, kwa sababu hata pale sikio linaposhindwa, besi inapita kwenye sakafu, inapanda miguuni, anajua wimbo umefika wapi. Mimi nimebaki na wasiwasi wangu. App imenionyesha kweli iliyokuwa imefichwa nyumbani kwangu, sikatai. Ila ilinionyesha kipande tu, mimi nikajaziliza kilichobaki, na nilichojaziliza kilikuwa kibaya kuliko chochote alichowahi kunifanyia mwanamume huyu.

Maana hilo ndilo lisilonipa usingizi. Yeye anaamini nilikwenda Igunga kwa sababu nilihisi masikio yake. "Wewe unanijua." Amemsimulia Munira hivyo. Ameisimulia msikitini. Watu wananipongeza njiani: mke ni wewe.

Leo asubuhi alikuwa amekaa barazani ananywa chai, amenipa mgongo. Nikasimama mlangoni. Nikasema, polepole, kwa sauti ya chini, "Nilikwenda kumtafuta mwanamke. Nilikushuku. Nisamehe."

Alinywa chai. Akaweka kikombe chini. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Leo umeweka tangawizi nyingi."

Nimeshinda nalo hilo. Hakunisikia? Au alinisikia, akachagua tangawizi? Nimemchunguza mchana kutwa, nikipita na sahani, nikipita na ufagio, namtafuta usoni. Nimeanza kupeleleza tena, na safari hii mwenye jambo la kuficha ni mimi.

Hapana. Kumwambia mtu kitu mahali ambapo unajua hasikii si kukiri.

Anatoka kuoga sasa hivi. Nafunga kompyuta hii. Sitangoja kesho wala majibu ya daktari. Nitavuta kigoda, nitakaa mbele yake, uso kwa uso, nitasema neno moja moja, na sitapiga kelele.